Mabega Saba Hadi Kisimani

Niliwachimbisha wanaume wa kijiji chetu shimo kavu kwa siku tisa. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuandika habari za kijiji hiki nikiliweka nyuma, sentensi zote zinaharibika kwa woga. Bora lijulikane mapema.

Kijiji chetu kiko mashariki ya Tabora, upande wa kwenda Goweko, mahali njia ya misafara ilipopita kabla ya reli. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa chumvi dukani na kwa vitabu viwili nilivyoazima kwa katekista nikachelewa sana kuvirudisha. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: anaogopa wakati wote kwamba kuna jambo wenzake waliambiwa darasani siku ambayo yeye hakuwapo. Ndiyo maana ukurasa mmoja niliuandika mara sita, mara saba.

Aliyenilea ni bibi yangu, mzaa mama. Baba yake alikuwa mpagazi, na yeye mwenyewe akiwa mtoto alitembea na wazazi wake katika mmoja wa misafara ya mwisho mpaka pwani, mama yake amebeba vyungu na yeye amebeba kuku.

"Kuku mmoja tu," alikuwa akisema. "Mpaka leo namchukia."

Aliniita "mume wangu", kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, na kwa haki hiyo hiyo alinisimanga apendavyo. Wageni wakija aliwaambia, "Mume wangu huyu sijui nilimwokota wapi. Wenzake wanalima, yeye anakwaruza karatasi kama panya."

Maji yalikuwa mbali. Kiangazi tulikwenda mpaka kwenye mto mkavu, tukachimba mchanga kwa kata na vibuyu, tukakaa tukisubiri maji yajitokeze taratibu, kama jasho. Sikuwahi kumsikia bibi akilalamika juu ya kazi hiyo. Alilalamikia chumvi, alilalamikia wakwe, lakini maji aliyafuata kana kwamba ameitwa. Mwaka wa uhuru nilikuwa na miaka sita. Tulipelekwa shuleni kuiona bendera mpya, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Wakati wa kurudi bibi alimsimamisha mwalimu mkuu njiani, akampigia magoti kidogo kwa heshima, akamuuliza:

"Sasa, mwalimu, maji yatasogea?"

Watu wakacheka sana. Mwalimu naye alicheka. Bibi hakucheka, akabaki anasubiri jibu, na mimi nilimpenda kwa hilo, ingawa siku ile niliona aibu.

Miaka ikapita, ukaja Ujamaa. Familia zilizokuwa zimetawanyika porini, kila moja na mji wake na zizi lake, zikakusanywa kwenye mistari miwili ya nyumba kando ya barabara. Sisi tulikuwa na bahati, kwani mistari hiyo ilichorwa karibu na tulipokuwa tangu zamani. Lakini bwana maendeleo alipokuja kukagua alisema wazi: udongo ni mzuri, watu ni wachapakazi, ila kijiji hakiwezi kukaa bila maji ya kiangazi. Tukiwa hatujapata kisima kabla ya mvua za kwanza, tutahamishiwa kijiji kingine, mwendo wa nusu siku.

Alisema kwa upole, wala sikumwona kuwa mtu mbaya. Lakini bibi alikuwa amemzika mumewe pale, na watoto wawili. Miguu yake ilikuwa imevimba, haifiki hata kwa jirani wa tatu.

"Nimeshatembea mpaka pwani na kuku," alisema. "Mimi sihami tena. Wakihama, waniache na jembe, nijichimbie mwenyewe."

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mwenyekiti akauliza kama yuko anayejua mahali penye dalili ya maji. Kisha bibi, aliyekuwa ameketi kwenye ngozi ya mbuzi karibu na wanawake, akasema wapagazi walikuwa na kisima chao, chini kidogo ya kambi yao. Kilifukiwa na miaka baada ya reli kufika na watu kuacha kupita.

"Kiko wapi, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Mnalijua lile jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala? Kutoka pale, mabega saba, mkielekea linakotoka jua."

"Mabega saba ndiyo hatua ngapi?"

"Hatua? Baba yangu alibeba pembe za ndovu za watu, hakuwa na nafasi ya kuhesabu hatua."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikasimama. Nilieleza kwamba bega ni mwendo wa mpagazi tangu anapoweka mzigo bega moja mpaka anapouhamishia la pili, na nikasema, kwa sauti niliyoitayarisha, "Ndugu Mwenyekiti, mimi naweza kupima." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuwa nimewahi kupigiwa makofi kabla ya siku ile.

Jioni hiyo bibi aliniambia, "Niweke kwenye baiskeli, mume wangu, twende nikakuonyeshe."

Nikamwambia apumzishe miguu. Miguu ilikuwa mibovu kweli, lakini hiyo haikuwa sababu. Niliogopa kwamba atafika pale, aanze kusema labda huku, labda kule, aniharibie ramani ambayo tayari nilikuwa naiona kichwani, safi kabisa.

Nikaenda peke yangu na kamba yenye mafundo. Niliamua bega moja ni hatua mia moja. Kwa nini mia? Mia ni namba nzuri, inagawanyika vizuri. Nikatembea hatua mia saba kuelekea mashariki, nikachomeka kijiti, nikarudi nyumbani kuchora. Ramani hiyo niliirudia mara nne kwa sababu lile jiwe halikufanana vya kutosha na ng'ombe.

Mwenyekiti aliipokea kwa mikono miwili, akaibandika ukutani ofisini. Wanaume wakagawana zamu, na kazi ikaanza.

Siku mbili za kwanza walichimba wakiimba. Siku ya tatu wakafika kwenye changarawe ngumu, nyimbo zikapungua. Siku ya sita majembe yakaanza kugonga mwamba. Jirani yetu mmoja, pande la mtu aliyewahi kupasua mbao za mninga porini, ndiye alikuwa na mdomo kuliko wote.

"Bwana Ramani!" aliniita kutoka ndani ya shimo. "Hebu leta ndoo, tukuchotee vumbi ukanywe!"

"Mwache," mwingine akadakia, "labda kwenye karatasi yake kuna umande."

Nilikuwa nacheka nao. Kila mchana, baada ya kazi, nilikwenda nyuma ya nyumba nikahesabu upya mahesabu yangu, na kila mara mia saba ilibaki mia saba. Siku ya tisa mwamba ulikataa kabisa. Wanaume wakapanda juu, wakakaa kwenye kifusi bila kuniangalia. Sasa hapakuwa na mzaha, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kuonekana upande wa kusini.

Nilimkuta bibi anapepeta karanga uani. Nikamwambia yote: kamba, mia moja, na kwamba sikutaka aje. Hakuacha kupepeta.

"Ulibeba nini?" akauliza.

"Wapi, bibi?"

"Ulipokuwa unapima. Ulibeba nini?"

"Sikubeba kitu. Kamba tu."

Ungo ukasimama. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Jamani, mume wangu! Mpagazi gani huyo, anatembea mikono mitupu kama bwana harusi? Utalijuaje bega usipoumia bega?"

Kesho yake asubuhi alinituma nitie madebe mawili ya mahindi kwenye gunia, kiasi cha frasila mbili, mzigo wa mpagazi. Nilitaka kubeba mwenyewe, nilijiona ninadaiwa adhabu. Nikafika mlangoni, goti likanisaliti, gunia likaanguka. Bibi akasema shukrani kwa onyesho, sasa tumwite mtu. Akamwita jirani yule yule wa mbao. Alikuja akiwa na hasira bado, lakini hakuna mtu kijijini aliyeweza kumkatalia bibi akisema "mwanangu".

Nikamkalisha bibi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikashika usukani. Jirani akajitwika gunia begani. Tulipofika kwenye jiwe bibi akaanza kuimba, wimbo wa Kinyamwezi ambao sikuwa nimewahi kuusikia, wa polepole, unaorudi mwanzo kila mara kama mtu anayekataa kuondoka. Kumbe wapagazi hawakuhamisha mzigo kila mtu kwa wakati wake. Wangegongana kwenye njia nyembamba. Msafara wote ulihamisha pamoja, wimbo ulipofika mwisho.

"Bega!" bibi akapaza sauti, na jirani akazungusha gunia upande wa pili.

Sikuweza kujizuia, nilihesabu hatua kimoyomoyo. Bega la kwanza mia mbili na kumi na mbili. La pili mia mbili na thelathini. La tatu, penye mwinuko mdogo, mia moja tisini na nane. Hakuna lililolingana na mwenzake, na hakuna lililokaribia mia yangu. Shimo letu tulilipita mwanzoni tu mwa bega la nne. Jirani, jasho likimtiririka, akaligeuzia macho, akanigeuzia mimi, akaendelea kutembea. Nyuma yetu watu walianza kufuata, kwanza watoto, kisha wanawake na majembe, na kufikia bega la sita nusu ya kijiji ilikuwa imeshika kiitikio.

Bega la saba liliishia ukingoni mwa mbuga, mahali udongo mwekundu unapogeuka mweusi. Nikamteremsha bibi. Aliangalia huku na huku, nami nikaanza kuogopa kwa niaba yake.

"Si hapa hasa," akasema. "Hapa walilala. Maji yako chini kidogo."

"Chini kiasi gani, bibi? Hatua ngapi?"

"Kidogo, nimesema. Unataka nikuchoree?"

Alijikongoja akishika bega langu, akapekua majani kwa fimbo. Tukaona mafiga matatu meusi kwa moshi wa kale, kisha vigae vya vyungu. Kuanzia pale aliteremka kama hatua ishirini, pengine thelathini, akapiga fimbo chini. "Chimbeni. Mkikosa hapa, sogeeni."

Walikosa mara moja, wakasogea. Nilitegemea aone haya, kama ambavyo mimi ningetaka ardhi inimeze. Aliomba tu apewe kivuli. Siku ya tatu yakatokea magogo yaliyopangwa mviringo, yameoza nusu, kazi ya mikono ya wapagazi. Siku ya nne jirani wa mbao alipiga kelele kutoka ndani. Udongo aliorusha juu ulikuwa unadondosha maji.

Kibuyu cha kwanza alipelekewa bibi. Akayaonja, akayatema, akasema yana matope, kisha akanywa yote.

Bwana maendeleo alirudi wiki mbili baadaye, akachungulia kisimani, akaandika kwenye daftari lake kwamba kijiji kibaki. Bibi aliishi miaka mitatu zaidi, akazikwa pale pale alipotaka. Nimejaribu kuwaza watu waliopita njia ile, mamia kwa mamia, kila mmoja na frasila mbili begani, wakigeuka pamoja kwa neno moja la wimbo, na bado wakipata nguvu ya kupanga magogo vizuri ili mtu wa msafara unaofuata anywe maji safi. Sijui kama kuna kitu nimewahi kukifanya kwa uangalifu kiasi hicho.

Tangu wakati huo nimebadilika katika jambo moja. Bado nina wasiwasi, bado naandika ukurasa mara sita. Lakini mzee akinieleza habari za zamani, sizigeuzi tena kuwa namba zangu kabla ya kwenda naye mpaka mahali penyewe.