Mstari wa Presha ya Bibi

Kuchora grafu nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha hesabu nilichokipata mtaa wa Mlandege kikiwa kimenyofolewa kurasa za majibu. Kwa kuwa sikuweza kujua kama nimepatia, nilichora bila kikomo. Siku moja nilichora chai yangu inavyopoa, na nilipomaliza ilikuwa hainyweki.

Nilikuwa na miaka kumi na saba Bibi alipoambiwa ana presha na kupewa vidonge. Kila Alhamisi nilimpeleka kliniki, nesi akampima na kuandika namba kwenye kadi, nami nikirudi nyumbani naitia kama nukta kwenye karatasi ya miraba niliyoibandika ukutani mbele ya kitanda chake. Kwa wiki nane mstari ulishuka kutoka mia na themanini hadi mia na thelathini, mzuri ajabu. Nakiri kwamba niliupenda kuliko nilivyompenda Bibi. Wageni wenye habari za misiba niliwarudisha ngazini, wasije wakampandisha presha na kuukunja mstari.

Kisha siku moja nikamkuta Bibi anamgawia jirani kanga zake.

"Bibi, unasafiri?"

"Nnakwenda zangu. Si umeniandikia mwenyewe ukutani? Kila wiki nnapanda."

"Unashuka, Bibi!"

"Usinipumbaze. Macho nnayo."

Akapitisha kidole kwenye mstari kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyosoma barua zake, maana Bibi alisoma chuo cha Kurani tu na aliandika kwa herufi za Kiarabu. Kidole kilipanda, kikapanda, kikafika kwenye mia na themanini. Jirani akaanza kulia.

"Anzia kushoto, Bibi."

"Kushoto! Jambo gani la heri huanzia kushoto?"

Kitabu changu hakikuwa na majibu. Nikaichora grafu upya, wiki ya kwanza ikiwa kulia na ya nane kushoto. Kidole cha Bibi kikateremka vizuri. Akaomba kanga zake zirudishwe, lakini jirani alikuwa ameshavaa moja.

Nikafanya jambo ambalo mpaka leo naona haya kulisema. Kadi ya kliniki ilikuwa na doa la chai na maandishi ya kalamu za rangi mbili. Ikaniudhi. Namba zote sasa zilikuwamo kwenye grafu yangu safi, basi kadi nikaichoma jikoni.

Alhamisi iliyofuata nesi wetu hakuwapo. Alikuwapo daktari kijana ambaye hakutujua.

"Shikamoo, bi mkubwa. Kadi iko wapi?"

Nikampa grafu, niliyokuwa nimeibandua ukutani. Akaitazama kuanzia kushoto, uso ukambadilika. Akampima Bibi: mia na thelathini. Akatazama grafu. Akapima tena, mia na thelathini. Akakigonga kipimo kwa kalamu.

"Kipimo hiki kimekufa," alisema. "Presha inapanda kila wiki. Dawa tutazizidisha mara mbili."

"Nani anapanda?" Bibi aliuliza. "Mimi nishashuka! Anzia kulia, mwanangu, kama watu."

"Bi mkubwa, grafu haisomwi kulia."

"We umesomea wapi?"

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Nilijua kwamba dawa mara mbili zingemwangusha Bibi ngazini, na nilijua vilevile kwamba nikisema, nitaonekana mjinga. Naona aibu kwamba nilifikiri kwanza.

"Nimeigeuza mimi," nikasema. "Wiki ya kwanza ipo kulia. Kipimo chako kizima."

"Kadi yenyewe?"

"Nimeichoma."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na doa."

Daktari akaishusha kalamu, akakiomba radhi kipimo chake, kwa sauti kabisa. Dawa akaziacha vilevile, kidonge kimoja kila asubuhi. Akaandika kadi mpya, akampa Bibi mkononi.

"Asiishike huyu," akasema.

Bibi akaitia kifuani, ndani ya buibui. Nilikuwa nimeiona kwa mbali: tatu aliyoiandika daktari kwenye mia na thelathini ilifanana na nane. Mpaka nyumbani nilitembea mikono nimeifumbata, isije ikaenda kuisahihisha.