Vichwa Vitatu Kabla ya Saa Kumi na Moja

Siku ambayo dunia ilipangiwa kwisha, msusi aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Sasa Hivi alifungua saluni yake saa mbili asubuhi kama kawaida, akafagia nywele za jana, akawasha redio.

Redio ilikuwa inarudia tangazo lile lile la tangu juzi. Jiwe kubwa linakuja kutoka juu, litafika saa kumi na moja jioni, na hakuna kitakachobaki. Wataalamu wote walikuwa wamekubaliana, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu. Serikali iliwaomba wananchi wawe watulivu, ikawakumbusha watumishi kwamba ofisi zitafungwa saa tisa na nusu, si kabla ya hapo. Kungekuwa na mkutano wa kuagana kwenye uwanja wa mpira. Viti vya mbele vilikuwa vya viongozi.

Sasa Hivi alikuwa na jambo moja tu la maana siku hiyo: kumsuka mama yake. Mama aliishi nyuma ya soko, mwendo wa robo saa kwa miguu, na alikuwa ameomba kusukwa tangu miezi minane iliyopita. Kila mara alijibiwa kwamba ni Jumapili ijayo. Jana yake alipiga simu akasema, "Kesho ndiyo Jumapili ya mwisho, mwanangu, hata kama kalenda inasema Alhamisi." Sasa Hivi akaapa kwamba saa sita kamili atakuwa mlangoni, kitana mkononi.

Tatizo lilikuwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na mtindo ambao wasusi wote wanaujua na hakuna anayeukiri. Mteja akiingia na kukuta foleni, unamkalisha haraka, unamsuka mistari mitatu ya mbele, kisha unamwambia, "Nakuja sasa hivi," unaenda kwa mwingine. Mwanamke mwenye mistari mitatu kipajini na nywele nyingine zimesimama kama za mtu aliyepigwa shoti hawezi kutoka nje. Umemfunga. Atakaa hapo mpaka jioni, atanuna, atasinzia, lakini hatakwenda kwa msusi mwingine. Sasa Hivi aliianza tabia hiyo mwaka wa kwanza wa saluni, baada ya kukaa siku tatu mfululizo akitazama viti vitupu, na haikumtoka tena.

Basi saa tatu akaingia karani wa benki. Sasa Hivi alikusudia kumwambia leo hatusuki. Mdomo ukasema, "Karibu, dada, kaa hapa," na vidole vikaanza mstari wa kwanza.

"Hii itakaa wiki ngapi?" karani akauliza, akijitazama kwenye kioo.

"Sita, ukifunga kitambaa usiku."

"Sita ni nzuri."

Hawakucheka, wala yule wala huyu.

Saa tatu na nusu akaja mwalimu wa hesabu, bunda la madaftari ya mtihani kwapani, akafungwa kwenye kiti cha pili. Akakaa akisahihisha kwa kalamu nyekundu. "Huyu nampa sifuri," alisema, kwa utulivu wa mtu aliyeridhika na kazi yake. "Mwaka mzima namwambia, hasikii."

Wa tatu alikuwa jirani wa mtaa wa pili, mwanamke aliyeachwa na mumewe miaka minne iliyopita, na ambaye alikuwa amepata habari za uhakika kwamba mume huyo atakuwa uwanjani pamoja na mke mpya. "Nataka nipite mbele yake mara mbili," alisema. "Mara moja anaweza kusema hakuniona."

"Mara mbili, halafu?" karani akauliza.

"Halafu dunia iishe, mimi sina neno."

Saa sita ilipogonga, Sasa Hivi alikuwa na vichwa vitatu, kila kimoja kimefika utosini. Saa saba akaja mpangaji aishiye nyumba moja na mama, akasimama mlangoni na kanga kichwani.

"Mama yako anauliza, unakuja au aendelee na mambo yake?"

"Mwambie niko njiani," akajibu Sasa Hivi, vidole vyote kumi vikiwa ndani ya nywele za mwalimu.

Mpangaji akamtazama kuanzia vidole mpaka miguu, akaondoka. Mwalimu akageuza ukurasa. "Njia yenyewe fupi," alisema.

Saa nane ikafika. Watu walipita nje wakielekea uwanjani, wamebeba viti vyao, maana iliaminika vya pale havitatosha. Sasa Hivi alikuwa anasuka kisogo cha karani huku akijiuliza kwa nini miezi minane yote hiyo kichwa cha mama hakukigusa, na jibu lilipokuja halikumpendeza. Wateja aliwafunga kwa sababu wangeweza kuondoka. Mama hakuwa na pa kwenda. Mama alikuwepo tu, leo na kesho, kama ukuta wa nyumba.

Akaweka kitana mezani. "Jamani, mimi naenda kwa mama."

"Nenda," akasema mwanamke aliyeachwa, "ukishanimaliza."

"Nitawafumua haraka, kila mtu ajichane aende."

"Nife hivi?" Karani alisimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imefura. "Hata jiwe litanicheka."

Sasa Hivi alipochukua mkoba wake akatoka, wote watatu walimfuata, karani na pakiti ya rasta, mwalimu na madaftari yake, na wa tatu amebeba kigoda. Waliopita waliwapisha njia kwa heshima, wakidhani ni dhehebu jipya.

Mama alikuwa ameketi kizingitini mwa chumba chake. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa. Hakikuwa na unywele hata mmoja.

Sasa Hivi alisimama uani, mkoba ukaning'inia.

"Mama, nywele zako."

"Kinyozi wa hapo mbele. Saa saba na nusu. Dakika kumi na mbili tu, na hakuniambia 'nakuja sasa hivi'." Mama akawatazama waliokuwa nyuma ya binti yake. "Hukusema utakuja na msafara. Hao ndio uliowaacha njiani?"

"Shikamoo mama," wakasema watatu kwa pamoja, kama wanafunzi waliochelewa.

"Marahaba. Kaeni hapo uani msukane wenyewe. Mikono mnayo."

Walikaa. Karani akamshika mwalimu kichwa, na baada ya dakika mbili walikuwa wanagombana kuhusu mstari uliopinda, mwalimu akidai pembe imezidi. Sauti ya uwanjani ilifika kwa kipaza sauti: mgeni rasmi amechelewa kidogo, wananchi wawe na subira.

Sasa Hivi alipiga magoti nyuma ya mama yake. Hapakuwa na cha kuchana wala cha kusuka. Alifungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta, akamimina kiganjani, akaanza kumpaka. Ngozi ilikuwa laini na ya moto, na juu ya sikio la kushoto kulikuwa na kovu ambalo hakuwahi kuliona.

"Hili la nini?"

"Ulinirushia sufuria. Ulikuwa na miaka miwili."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi?"

Msusi aliendelea kupaka, akizunguka lile kovu, kisha akilipitia. Kule uani mwanamke aliyeachwa aliita jina la msusi, akaita tena. Mwanga ulikuwa umeanza kugeuka rangi, na kwenye kipaza sauti mtu alikuwa anatambulisha meza kuu, jina kwa jina, cheo kwa cheo.

"Mkono wako mzito," mama akasema, macho ameyafumba. "Na watu wanakuja kwako kwa hiari?"

Binti akaulegeza mkono.

"Sijasema upunguze," akasema mama.