Fanta ya Mashahidi

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, wanaokauka juani hunirudisha Ruziba hata nikiwa Rohero, katikati ya mji, mbele ya meza yangu ya kazi. Mama fulani hupita barabarani na beseni kichwani, harufu inaingia dirishani, na mara nina miaka kumi, miguu yangu imezama katika tope jeusi la shamba letu, mama yangu ameinama mbele yangu anachuma lengalenga, mchicha wetu, na kule chini ziwa linameremeta mpaka macho yanauma. Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Mtu mzima angelivuka kabla hajamaliza kutafuna ndizi moja. Lilikuwa na matuta ya lengalenga na viazi vitamu, michikichi mitatu, na mfereji mwembamba wa maji, na asubuhi nyingine tulikuta nyayo za kiboko zimejaa maji, nasi watoto tukaoshea miguu humo huku mama akitukemea kwamba mwenye nyayo hajaenda mbali. Nyumbani kwetu kulikuwa mtaa wa Buyenzi, mjini, vyumba viwili vya kupanga, mlango ukitazama choo cha familia nne. Kwa hiyo kila Jumamosi tulipofika Ruziba nilihisi kifua kikifunguka, na haikunipitia akilini kwamba kuna mtu angeweza kusema pale si petu.

Baba yangu, Hamisi, alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache na msimamo mkali, ambaye akishasema neno hata umvute kwa kamba hasogei. Shamba alilinunua nilipokuwa na miaka sita, kwa Mzee Balitazari, mkulima wa Ruziba aliyekuwa mteja wake tangu zamani. Balitazari hakujua kusoma, na siku zile kule karatasi haikuwa na heshima kubwa. Ardhi ilipouzwa mnunuzi alileta pombe, majirani wa mpakani wakaketi wakanywa pamoja, kisha wakazunguka mipaka kwa miguu. Waliokunywa ndio waliokuwa mashahidi mpaka kufa kwao. Pombe ile ndiyo iliyokuwa hati, na tumbo la jirani ndilo kabati la kuitunzia. Mama alilijua hilo, akamwomba baba amtume Jozefu, seremala Mkongo aliyepanga chumba cha jirani, akanunue pombe na kuipeleka yeye mwenyewe, sisi tusiiguse. Baba alikataa. "Apana," alisema. "Mwenye kuinunua, mwenye kuibeba, mwenye kuituma, bote ni mamoja."

Badala yake alipeleka kreti mbili za fanta, maana mjini kwetu soda yoyote ni fanta, na mama akapika sufuria kubwa ya pilau. Mimi nilipewa kazi ya kushika kifungulio, na nilijiona waziri. Walikuja majirani watatu, mmoja wao Mzee Gaspari, ambaye shamba lake lilipakana na letu upande wa ziwa. Walikula, wakanywa, wakacheua, wakacheka. "We Hamisi, utatuua na sukari!" Balitazari alisema, na baba, ambaye si mtu wa kucheka, alicheka. Kisha wakatembea mipaka yote minne, baba akasoma Fatiha, na Mzee Gaspari akanipa nusu ya chupa yake iliyobaki kwa sababu, alisema, meno yake yanamuuma. Niliinywa nimeegemea mchikichi, na sijapata kunywa kitu kitamu kama kile.

Miaka minne baadaye, katika likizo ndefu ya kiangazi, walifika watu wenye kamba za kupimia na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Mji ulikuwa unashuka kusini. Ilitangazwa kwamba mashamba yote ya upande ule yanageuzwa kuwa eneo la makazi, hakuna tena kulima, na kila atakayethibitisha kwamba shamba ni lake atapewa parseli moja ya kujenga, nyingine watapewa watu wengine. Wakulima wengi walilia. Mama yangu hakulia. Yeye alisikia neno parseli tu. Alichukua kijiti akachora nyumba vumbini mbele ya mlango wetu Buyenzi: sebule hapa, chumba cha wasichana hapa, choo chetu peke yetu kule nyuma. Jirani wakipita walikiuka mchoro wake kwa adabu, kana kwamba kuta zilikuwa zimeshasimama. Baba aliandika barua ya maombi kwa kalamu ya buluu, akaipeleka ofisi ya zoni, serikali yetu ya mtaa, akiwa amevaa kanzu ya Idi.

Kumbe barua zilikuwa mbili. Balitazari alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na mwanawe Evarisiti, ambaye hatukuwahi kumwona na jembe mkononi, aliandika kuomba parseli ileile, akidai baba yake alitupa shamba tulime tu, na fedha tulizolipa zilikuwa za kulikodi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari letu lilikuwa watu watatu. Mmoja alikuwa amehamia mbali, mmoja alikuwa mgonjwa hajitambui. Alibaki Mzee Gaspari. Mama alisema, "Gaspari anatosha," na mimi nilimwamini, maana yule mzee alikuwa akinipa miwa kila Jumamosi.

Shauri lilisikilizwa asubuhi, katika ukumbi wa zoni wenye bati lililokuwa likilia kwa joto, mbele ya bashingantahe, wale wazee wanaoamua magomvi ya majirani. Nilikaa kwenye benchi katikati ya baba na mama. Mwenyekiti akamwita Gaspari, akamuuliza kama siku ile alikuwepo.

"Nilikuwa," alisema Gaspari, akizungusha kofia yake mikononi. "Tulikula wali. Tulikunywa fanta. Mipaka tulitembeya."

"Na pombe?"

"Pombe apana."

Baba akasimama. "Gaspari, ndugu yangu, we unajua mi ni Muislamu. Pombe ningeitoa wapi?"

"Najua, Hamisi. Sina kisirani na we. Lakini siwezi sema udongo iliuzwa na pombe yake sijaona. Fanta banapatiaka mugeni. Banapatiaka batoto, si bashahidi."

Hapo ndipo nilipofanya nilichokifanya. Hakuna aliyeniuliza. Niliruka kwenye benchi nikapiga kelele, nikidhani naokoa shamba: "Ulikunywa! Ulikunywa na yenye ilibakia ukanipatia mi!" Mwenyekiti alinitazama kwa upole, upole ambao mpaka leo nikiukumbuka natamani angenizaba kofi, kisha akawageukia wenzake. "Munasikia? Mutoto wa miaka sita alikunywa. Ile ingekuwa ya bashahidi, mutoto angeigusa?" Wazee wakatikisa vichwa. Gaspari aliinamisha uso. Kabla ya adhuhuri shamba lilikuwa la Evarisiti, na sisi tulikuwa wageni waliowahi kulishwa na ardhi ya mtu.

Tulirudi Buyenzi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Baba hakunigombeza, wala siku ile wala baadaye. Mama alisema sentensi moja tu, mbele ya mlango, akiufuta mchoro wa nyumba kwa kandambili: "Jozefu angeibeba, Hamisi." Alisema mara moja, hakurudia tena maisha yake yote. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kung'oa viazi ambavyo havijakomaa, vidogo kama vidole, na Gaspari alitusalimu kutoka kwake, hatukuitikia. Nilimchukia. Lakini nitasema kweli, kwa kuwa nimezeeka kiasi cha kuisema: nilimchukia baba zaidi. Nilimwona mtu aliyetupima sisi na kreti moja ya pombe akatuona wepesi. Nilijichukia mimi vilevile, na chuki hiyo ndiyo iliyokaa kuliko zote.

Haki haikumfikia mtu yeyote, kama mnaingojea. Gaspari mwenyewe, shahidi mkweli, barabara ilipita katikati ya shamba lake na hakupewa hata kona ya kusimikia banda la kuku. Aliishia kuuza miwa kando ya barabara hiyohiyo. Evarisiti aliiuza parseli kabla vigingi havijapoteza rangi. Leo pana ghorofa, ukuta mrefu, mlinzi, na maua mekundu yanayomwagika juu ya ukuta mahali ambapo mama alipanda lengalenga. Mchikichi mmoja wameuacha kwa ajili ya urembo. Mama alifia Buyenzi katika chumba kilekile cha kupanga, na jeneza lilipotolewa ilibidi walizungushe mara mbili kwa sababu ya ukuta wa choo. Nani aliyefaidi desturi ile, sijui. Waliosema udongo hauuzwi bila pombe, udongo wao umeuzwa bila hata glasi ya maji.

Mwaka jana nilinunua kiwanja changu mwenyewe, mlimani, mbali na ziwa, mahali ambapo bado panalimwa maharage na ambapo najua wapimaji watafika siku moja. Nina karatasi yenye mihuri yote, nimeitolea nakala nne. Lakini pamoja na karatasi nilinunua kreti mbili za bia. Sikumtuma mtu. Nilizipakia mimi, nikazishusha mimi, nikiwa nimejitanda mtandio wangu, nikawafungulia mashahidi chupa moja moja na kusubiri mpaka kila mmoja amemaliza yake. Walishangaa, mmoja akaniita mwanamke wa kweli. Baba, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, nilikuja naye kwa sababu aliomba kukiona kiwanja. Alikaa barabarani juu ya jiwe, ametugeuzia mgongo. Nilipomaliza nilimwendea, mikono ikinuka bia.

"Bamekunywa?" aliuliza bila kugeuka.

"Bamekunywa, baba."

"Bote?"

"Bote. Ata batoto habakugusa."

Nilisema hilo la mwisho kwa ukali, nikiwa nimelihifadhi miaka yote, nikitaka limuume. Baba aligeuka taratibu. Akachukua chupa ya maji anayotembea nayo ya kutawadhia, akaifungua kwa meno kwa kuwa vidole vyake havina nguvu tena, akaniambia ninyooshe mikono. Alinimiminia mpaka chupa ikaisha, na adhana ya alasiri ilipopanda kutoka bondeni, hakuwa na maji ya kwake.