Mjomba Pini na Sari ya Mama Harusini

"Haivaliwi! Nimesema haivaliwi, basi!"

"Itavaliwa, Shangazi!"

"Itakuacha vifundo vya miguu nje kama mtu anayevuka dimbwi!"

Sauti zimepanda mpaka kioo cha kabati kinatetemeka. Huku ni shangazi, mkono kiunoni, sari mpya ya dhahabu imetupwa begani kama bendera. Kule ni bibi harusi, hina imemkolea mpaka viwikoni, kakumbatia sari nyekundu ya zamani. Ilikuwa ya mama yake, ambaye hayupo tena duniani. Katikati yao, kapiga magoti kwenye zulia kama refa aliyenyang'anywa filimbi, yupo mwanamume mwembamba, pini zimejipanga kwenye kola ya shati lake.

Huyo ndiye Mjomba Pini. Harusi ya Kihindi ikikaribia, watu humpigia simu yeye kabla ya mpishi. Anamvisha bibi harusi, anavisha mashangazi na mabinamu, halafu anahamia chumba cha wanaume kufunga vilemba. Asubuhi hii keshavisha ukoo mzima. Wamebaki bibi harusi na baba yake tu, na ugomvi ndio umekalia kiti.

"Mjomba, mwambie!" shangazi anamgeukia. "Wewe ndiye fundi. Mwambie hiyo sari fupi."

"Si fupi, dada yangu. Urefu inao, ilichokosa ni upana, na upana ndio unaoshuka mpaka miguuni. Za zamani zilifumwa hivi. Na huyu mtoto naye karefuka kama aliahidiwa zawadi."

"Umesikia?" shangazi anamwambia bibi harusi. "Fundi kasema!"

"Sijamaliza kusema."

Mjomba Pini hana haraka. Kazi hii kaifanya miaka kumi na saba, na hakuzaliwa nayo. Alikuwa dobi.

"Sari nilizijua kwa pasi," anasimulia. "Nilijua ipi inaungua na ipi inavumilia. Lakini inavaliwaje? Haki ya Mungu, nilidhani wanaanzia kichwani!"

Siku moja akamuuliza mteja. Yule mama alicheka mpaka akaegemea meza ya pasi, kisha akaizungusha sari palepale, juu ya gauni lake, dobi akitazama. Halafu akamwambia ajaribu mwenyewe kwenye nguzo ya duka. Nguzo ile ndiyo ikawa bibi harusi wake wa kwanza. Kila mama yule alipokuja kuchukua nguo, aliikagua nguzo: marinda yamelala? Pindo limegusa chini? Mpaka siku aliyosema, "Haya, sasa njoo univishe mimi."

Mama yule ndiye mwenye sari hii nyekundu.

Mtaani maneno hayakukosekana. Mwanamume mzima anavisha wake za watu! Mke wake aliwajibu mara moja tu, wakanyamaza mpaka leo: "Mume wangu anawavisha. Angekuwa anawavua, hapo ningewasikiliza."

Na masharti yake yanajulikana. Blauzi na sketi ya ndani unavaa mwenyewe kabla hajaingia. Ndugu wa kike lazima awepo chumbani. Mkono wake unashika kitambaa, haushiki mtu.

Sasa anainuka, anamtazama shangazi usoni. "Dada, tuache vifundo vya miguu. Kuna nini?"

Shangazi anakaa kitandani kwa kishindo. Sauti iliyokuwa inapasua dirisha inashuka.

"Ni kaka yangu," anasema. "Tangu mkewe afariki, kabati la nguo za marehemu hajaligusa. Leo mwanawe anatokea mbele ya watu wote na sari ile ile! Atavunjika, Mjomba. Atavunjika pale mbele, na nani atamwokota?"

Bibi harusi anainama. Hilo hakuliwaza.

"Basi asiione mbele za watu," anasema Mjomba Pini. "Aione humu, kwanza. Na hiyo ya dhahabu mtoto aivae jioni ukumbini, ing'ae na mataa. Shangazi, ukikataa tena nakufunga wewe kilemba."

Shangazi anacheka bila kutaka. Basi, keshashindwa.

Kazi inaanza. Sketi ya ndani bibi harusi anaishusha mwenyewe mpaka kwenye mfupa wa nyonga, ili pindo lifike chini. Viatu vya visigino vinasukumwa chini ya kitanda. "Urefu unao wa kutosha, mwanangu. Bwana harusi atakushukuru." Vidole vinakunja marinda kama mtu anayehesabu karata, kila moja juu ya mwenzake, halafu pini moja, ndani, isionekane. Ncha ya sari haitupwi nyuma kama wanavyopenda mabinti siku hizi. Anaileta mbele, inashuka kifuani na kuficha tumbo lililobaki wazi. Mama mwenyewe alivaa hivyo hivyo.

"Siku hizi kuna sari za zipu," anasema, pini mdomoni. "Unaingia kama gunia. Mimi nataka nipangishe chumba, niweke kioo kirefu, nifundishe vijana kazi ya mkono kabla haijapotea. Na mlango wangu utakuwa na komeo! Shangazi mmoja ndani, waliobaki wabishe hodi."

Anavuka kwenda chumba cha pili. Baba kakaa kitini, mfupi, nadhifu, kichwa tayari. Kilemba kinazunguka mara ya kwanza, mara ya pili.

"Kaka, binti kavaa ya mama yake. Nakwambia sasa, isije ikakuvamia."

Kilemba kinafika mwisho ndipo baba anauliza, "Imemtosha?"

"Imemtosha."

Wanaingia pamoja kwa bibi harusi. Baba anasimama hatua moja tu kutoka mlangoni. Anaitazama sari kuanzia pindo, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Anashuka tena mpaka miguuni. Anauliza, "Visigino viko wapi?"

"Chini ya kitanda, Baba."

"Mama yako naye alivikataa," baba anasema. "Alisema nitaonekana mfupi kwenye picha."

Bibi harusi anacheka, machozi yanamdondoka, wanja hatarini. Shangazi tayari katoa simu apige picha.

"Dada," Mjomba Pini anamnong'oneza, "twende."

"Picha moja tu!"

"Twende, dada yangu."

Anaokota kikopo chake cha pini, anamtanguliza shangazi, anatoka. Kisha anauvuta mlango taratibu mpaka ujifunge, na kuuegemea kwa mgongo wake, yeye mwenyewe akiwa komeo.