Hatua Nne za Viboko

Enzi zetu pale Golbanti, siku haikuanza kwa chai. Ilianza kwa mama kututuma shambani, mimi na dada yangu, tukaangalie viboko wamekula nini usiku. Tulirudi mbio na habari: mahindi mistari miwili, ndizi hazikuguswa. Mama alisikiliza huku akipuliza moto, akaguna, kisha akawatukana viboko wote wa Mto Tana kwa Kipokomo, ukoo mzima, bila kupumzika. Ndipo chai ikamiminwa.

Sisi watoto tuliona raha tu. Unyayo wa kiboko kwenye matope una vidole vinne na kina cha sufuria, na mafuriko yakipungua zile nyayo zilibaki na maji na visamaki ndani yake. Tulivivua kwa leso, tukavichoma, tukavila na majivu yake. Tukichelewa shule tulisema kiboko alikaa njiani, na mwalimu wetu, ambaye hakuwa mtu wa mtoni, alituamini muhula mzima.

Kitu kimoja kiliniudhi. Katikati ya shamba, kutoka mtoni hadi kwenye majani ya malisho, mama aliacha njia isiyopandwa kitu. Kila msimu aliipima kwa miguu yake, hatua nne, akaondoa hata miiba. "Hapa si petu," alisema. Udongo wenyewe ulikuwa mweusi, mzuri, nami niliumia kuona unakanyagwa bure na wanyama wanaokula jasho letu. Nilijiambia nikirithi shamba hili, watanitambua.

Nimerithi. Na mwaka huu mwanangu Hiribae, aliyerudi kutoka Garsen na Kisheng chake na simu isiyotoka mkononi, akaniambia, "Mathe, hii place yote unawaachia wanyama?" Ningemkataza. Badala yake nilimpa jembe. Tukaziba njia kwa nguzo na waya, tukapanda matikitimaji, na kwa majuma kadhaa nilijiona mwerevu kuliko mama yangu.

Mahindi yalikuwa yamebakiza wiki mbili tu yavunwe, na ndiyo chakula chetu chote hadi msimu mwingine. Ndipo viboko, ambao majuma hayo walikuwa wakila ng'ambo ya mto, walifika wakakuta njia yao imefungwa. Hawakurudi mtoni. Walipita kila mahali. Asubuhi nilikuta waya umeburutwa hadi kwa jirani, mahindi yamelala, na matikiti hayakubaki hata mbegu. Mwanangu alikuwa amesimama katikati ya hasara anapiga picha. Nyayo zilikuwa zimejaa maji, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuja kuzitazama.

Nina hasira na viboko, nina hasira na yeye, na zaidi ninajikasirikia mwenyewe. Nilitukana kwa Kipokomo mpaka sauti ikakauka. Nilipomaliza, Hiribae akaniuliza nilikuwa nasema nini.

Jana aling'oa nguzo zilizobaki bila kuambiwa, akauliza bibi yake alikuwa anaacha upana gani. Nikamwambia hatua nne. Akaanza kupima, na ile miguu yake mirefu kama ya korongo. Mama alikuwa mfupi, alinifika begani. Nilisimama pembeni nikitazama ardhi yangu ikiondoka, nikataka kumwambia afupishe hatua, kisha nikainama kuondoa miiba.