Mshahara kwa Hesabu ya Maharage

Mama hakuamini faranga. Alikulia Tanzania, akarudi Burundi nikiwa mgongoni mwake, na katika maisha yake ameona noti za nchi mbili zikipungua nguvu mkononi. Kwa hiyo nilipomweleza kwamba nataka kwenda Gitega kusomea mipango miji, chuo cha kulipia, miaka mitatu, alitaka kujua mambo mawili tu: ada ni gunia ngapi za maharage, na mtu akimaliza analipwa gunia ngapi.

"Halafu mji unasomwaje?" akauliza. "Mimi nilidhani mji unajengwa."

"Unasomwa kwanza, Mama, ndipo unajengwa vizuri."

"Na huu mji wetu wa Muyinga, nani aliusoma?"

Nikamrudisha kwenye hesabu ya ada.

Ada hatukuwa nayo. Koperative ya kuweka na kukopa ilikuwa tayari kutukopesha yote, lakini ilitaka dhamana, na sisi tulikuwa na moja tu: kiwanja kidogo kando ya barabara, Butihinda, kitu pekee cha babu tulichokikuta kingali chetu tuliporudi. Nikishindwa kulipa, kinaondoka. Mama akanipa nauli na wiki moja.

"Nenda ukamwulize mtu aliyemaliza. Usimwulize anayefundisha, huyo anauza."

Nilipanda basi la kupitia Karusi nikiwa na daftari, maswali nimeyaandika kwa namba. Nilikwenda kwa dada mmoja kutoka tarafa ya Mwakiro, kwetu Muyinga, niliyewahi kuimba naye kwaya; alikuwa amemaliza masomo yaleyale, sasa anafanya kazi Gitega. Nilidhani nitamkuta ofisini. Nilimkuta pembeni mwa mji, kwenye mteremko uliokuwa shamba la migomba, ameshika ncha ya kamba ya kupimia viwanja, buti zake zimejaa udongo mwekundu. Alijibu maswali yangu bila kuiachia ile kamba.

"Mi sitakudanganya, mdogo wangu. Nilimaliza, nikakaa nyumbani mwaka moja na miezi mbili. Sasa iko kontra, mkataba ya miezi sita sita. Ikiisha, wanaongeza. Des fois, mara ingine, wanachelewa kulipa, unakula madeni."

"Na kazi yenyewe?"

"Kazi naipenda sana," alisema, akacheka kama mtu aliyekamatwa.

Alinitajia mshahara wake, kodi ya chumba na bei ya chakula. Mwishoni yeye ndiye aliyeniuliza: "Na we, utalipa na nini?"

Nikamwambia habari za kiwanja. Hapo ndipo alipoiweka kamba chini.

"Iko wapi? Barabara inapita mbele? Watu wa soko wanashukia wapi?"

Akaichukua kalamu yangu, akachora barabara, soko, na njia ya kwenda mpakani mwa Tanzania. Kisha akaweka alama ya msalaba penye kiwanja chetu. "Usiiweke dhamana hii. Watu iko wanajenga kuelekea hapa kila mwaka. Tafuta mtu wa kuipanga, akulipe kodi." Niliyaandika hayo kwenye ukurasa wa mwisho, kwa sababu tu huwa naandika kila kitu.

Nyumbani Mama alikuwa anamenya muhogo. Nilikaa mbele yake, nikasoma kwa utaratibu.

"Mshahara ni gunia mbili kwa mwezi."

"Kwa bei ya mwezi gani?"

"Juni."

"Mwanangu! Juni hata sisi ni matajiri. Piga ya Oktoba, watu wakitafuta mbegu."

Nikapiga upya. Ikabaki gunia moja na kidogo.

"Toa chumba. Toa chakula. Toa na ule mwaka aliokaa nyumbani."

Nilitoa, nikatoa, mpaka kalamu ikasimama yenyewe. Kwa hesabu hiyo ningemaliza deni la koperative nikiwa na watoto wangu shuleni. Mama aliona uso wangu, akaweka kisu chini.

"Sijakataa mimi," alisema polepole. "Ni maharage yamekataa."

Ili nisilie mbele yake, niliendelea kusoma. Nikaufikia ukurasa wa mwisho, wenye mchoro. Mama akaushika, akaugeuza, akauweka sawa na barabara yetu.

"Soma tena hapo." Nikasoma. "Huyo naye alisoma miji?"

"Ndiyo."

"Basi kuna kitu wanafundishwa."

Siku tatu baadaye alimleta mfanyabiashara Mkongo wa Kivu Kusini, muuza mawese na samaki wa chumvi mjini Muyinga, aliyekuwa akitafuta mahali pa stoo karibu na mpaka. Yule bwana alikizunguka kiwanja mara mbili akihesabu hatua.

"Mama, stoo nitajenga mi mwenyewe, na kodi ya miaka tatu nakulipa mara moja. Lakini bei hii unaniua!"

"Hujafa bado. Nakuona umesimama."

"We Mama iko mgumu kuliko watu wa mpakani!"

"Wale wa mpakani hawana binti wa kusomesha."

Walikubaliana. Kodi ile ilitosha ada ya miaka miwili; ya mwaka wa tatu tungekopa, mkopo mdogo, wadhamini wakiwa wanawake watano wa kikundi cha Mama. Kiwanja hakikuwekwa dhamana. Niliandika mkataba, wakaweka sahihi. Mkongo alipoondoka, Mama akanisogezea karatasi nyingine.

"Sasa andika wa kwangu na wewe. Mshahara wa kwanza ni wangu. Mishahara inayofuata ni ya koperative mpaka deni liishe. Likiisha, tutazungumza."

Nilisaini bila kubishana. Sasa naishi Gitega. Nilimaliza chuo, nikasubiri kazi miezi tisa. Nina kontra ya miezi sita sita na buti zangu mwenyewe. Mshahara wa kwanza niliupeleka kwa Mama. Deni la koperative nililimaliza mwaka jana. Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia, simu inaita.

"Mji haujambo?"

"Haujambo, Mama."

"Haya. Tuzungumze."