Akodiani ya Babu

Nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani zilimhusu nini Babu yangu, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Ibra, Omani? Nilipomuuliza alisema, "Skiza akodiani, mwanangu. Inavuta pumzi kama mtu."

Wiki iliyopita, mkahawani Nizwa, niliisikia akodiani ya aina ile ikitoka kwenye simu ya mtu, nikaiacha chai yangu ikapoa.

Kila baada ya sala ya alasiri Babu alifunga madirisha ili majirani wasisikie muziki, kisha akaweka kanda yake ya wachunga ng'ombe. Chumba kilinukia udi na vumbi la joto. Nilikaa miguuni pake nikitamani anizungumzishe, maana tulikuwa wawili tu nyumba nzima mpaka mama arudi kutoka kazini.

Siku moja nikaona mvunguni kanda nyingine, imeandikwa Kiswahili kwa mkono. Niliiweka ili nimfurahishe. Akodiani ikalia, tamu kuliko ile ya kila siku, kisha mwanamke akaanza kuimba. Babu akaizima.

"Nani kakwambia uiguse?"

"Babu, si akodiani hii pia?"

"Ndiyo. Haya, nenda kacheze uani."

Uani hapakuwa na mtu wa kucheza naye. Nilikaa kwenye kizingiti nikiamini kwamba Babu hazipendi nyimbo za kwao.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo kikuu mama aliponiambia kwamba akodiani ile aliipiga Babu mwenyewe, na aliyeimba alikuwa dada yake, waliyeagana naye Unguja wasionane tena.